Duka Lililomnunua Jirani Yake

Uingereza kodi ya pango la maduka kwa desturi hulipwa kila robo mwaka, na mojawapo ya siku za malipo ni tarehe 25 Machi. Mwaka 2012 tarehe hiyo iliangukia Jumapili. Kampuni ya GAME, iliyotawala biashara ya gemu katika barabara kuu za maduka nchini humo, ilikuwa inadaiwa siku hiyo pango la takriban pauni milioni 10. Haikulipa. Kesho yake, Jumatatu, ikajiweka chini ya wasimamizi wa mufilisi, na mara moja maduka 277 yakafungwa na wafanyakazi zaidi ya 2,000 wakapoteza kazi. Maduka mengine 333 yaliendelea kuuza kama kawaida.

Wenye majengo walipigwa na butwaa. Kwa jinsi mahakama zilivyokuwa zikiitafsiri sheria wakati huo, kodi iliyofikia siku yake kabla ya usimamizi kuanza ilihesabiwa kuwa deni la zamani, lisubiri foleni pamoja na wadai wengine. Siku moja tu ya tofauti ikatosha. Maduka yaliyobaki wazi yangeweza kukaa robo mwaka nzima katika vyumba vya watu bila mwenye chumba kuona hata senti. Walikwenda mahakamani, wakakata rufaa, na Februari 2014 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba msimamizi anayekitumia chumba kwa manufaa ya wadai akilipie kwa siku zote alizokitumia. Kwa hiyo kampuni iliyokuwa ikiuza gemu za kupigana na kukimbiza magari imeacha jina lake katika vitabu vya sheria ya mufilisi, kumbukumbu ambayo sidhani waanzilishi wake waliitarajia.

Ukimuuliza mteja wa siku zile ni nini kiliiua GAME, atakujibu: intaneti. Jibu hilo si la uongo, ila linawapa wakubwa wa kampuni msamaha wasioustahili. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2007, wakati dalili za watu kuhamia mtandaoni zilikuwa wazi kwa kila msoma gazeti, GAME ilitoa pauni milioni 74 kumnunua mshindani wake Gamestation, kampuni iliyozaliwa mjini York mwaka 1993 na kujijengea sifa ya gemu zilizotumika na mashine za zamani. Tume ya Ushindani ikalichunguza jambo hilo, na mwanzoni mwa 2008 ikaliruhusu lipite. Kuna miji ambako maduka hayo mawili yalikuwa hatua chache tu kutoka moja hadi jingine. Sasa mmiliki akawa mmoja na wateja wakawa walewale, lakini pango zikawa mbili, mishahara ikawa ya watu wa maduka mawili, na umeme ukalipwa mara mbili. Kumnunua jirani kulimwondoa mshindani wa upande wa pili wa barabara, yule ambaye angalau alikuwa na mzigo wa gharama kama wao. Washindani wasiokuwa na mzigo huo hawakuguswa.

Nao walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni maduka makubwa ya vyakula kama Tesco, yaliyoweza kuiuza gemu mpya kwa bei isiyo na faida ili mteja akija aondoke pia na nyama na sabuni. Wa pili walikaa kisiwani Jersey. Bidhaa ndogo iliyotumwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, ya thamani ya chini ya pauni 18, haikutozwa VAT ikiingia Uingereza, na Jersey kwa hesabu hiyo kilikuwa nje. Kampuni kama Play.com zikatuma kutoka huko diski za gemu, filamu na muziki kwa posta, zikamkata bei mwenye duka kwa kiasi cha kodi ambayo yeye hakuwa na namna ya kuikwepa. Serikali iliuziba mwanya huo tarehe 1 Aprili 2012. Hesabu mwenyewe: ni siku sita baada ya GAME kuanguka.

Hata hivyo pigo la mwisho halikutoka kwa mshindani yeyote. Biashara ya gemu huendeshwa kwa mali kauli: wachapishaji hutoa mzigo leo, duka hulipa likishauza, na kampuni za bima hubeba hatari ya duka kushindwa kulipa. Mapema mwaka 2012 bima hizo zilianza kuiogopa GAME. Bima ikijitoa, mchapishaji hutaka fedha taslimu, na fedha taslimu hazikuwapo. Machi mwaka huo Mass Effect 3, mojawapo ya gemu zilizosubiriwa kwa hamu kubwa, ikatoka bila kuingia katika rafu za GAME, kwa sababu mchapishaji wake, kampuni ya EA, alikataa kuwapelekea. Nintendo na Capcom nao walizuia baadhi ya mali yao. Muuza gemu asiye na gemu ambayo kila kijana anaiulizia hana cha kumwambia mteja isipokuwa pole, na mteja akishaonja kununua kwingine harudi kwa sababu ya huruma.

Kampuni ya uwekezaji ya OpCapita iliyachukua mabaki kwa pauni moja pamoja na madeni. Hapo ndipo hadithi hii inaponishangaza, maana wagonjwa wengi wa namna hii hawaamki, na huyu aliamka. Maduka yaliyokaa bure yalifungwa, mashine mpya za PlayStation 4 na Xbox One zikatoka mwishoni mwa 2013 na kuvuta watu mijini, na Juni 2014 kampuni ikarudi katika soko la hisa la London kwa pensi 200 kwa hisa moja. Miaka mitano baadaye, Juni 2019, kampuni ya Sports Direct ya tajiri Mike Ashley iliinunua yote kwa pensi 30 kwa hisa. Mmiliki mpya akaanza kuhamishia kaunta za GAME ndani ya maduka yake ya raba na jezi.

Kabla ya kuuzwa huko, GAME walijaribu mengi. Walifungua kumbi za Belong, ambamo kijana hulipia saa akacheza na wenzake kwenye mashine zenye nguvu, na Sports Direct ikalipenda wazo hilo kiasi cha kununua nusu yake mwaka 2018. Mwenye kibanda cha PlayStation cha Mwanza au Mombasa, anayetoza watoto kwa kila mechi, angeweza kuwashauri bila kuwatoza ada.

Lakini kilichokuwa roho ya duka la namna hii ni biashara ya mtumba. Katika gemu mpya muuzaji hubakiwa na kidogo, na katika mashine yenyewe kidogo zaidi. Gemu iliyotumika ni habari nyingine: GameStop ya Marekani, kubwa kuliko zote za aina yake, kwa miaka mingi ilionyesha katika hesabu zake kwamba kwenye kila dola ya mauzo ya bidhaa zilizotumika ilibaki na zaidi ya senti 40 kabla ya gharama nyingine. Kijana analeta diski aliyoimaliza, anapewa thamani yake kama punguzo la kununulia gemu mpya, diski ile inarudi rafuni kwa bei ya juu zaidi, na mwingine asiyeweza bei ya mpya anaichukua. Kila mmoja anaondoka na kitu, isipokuwa mchapishaji, ambaye katika mauzo ya pili hapati chochote. Ndiyo maana Microsoft mwaka 2013 ilitangaza Xbox One ikiwa na masharti ya kubana uuzaji na uazimishaji wa diski. Wachezaji wakachachamaa, Sony, mwenye PlayStation, ikaidhihaki Microsoft kwa video fupi ya mtu akimkabidhi mwenzake gemu mkono kwa mkono, na Juni 19 Microsoft ikafuta masharti hayo. Ushindi ule ulikuwa wa wateja, lakini ulikuwa wa maduka pia.

Februari 2024 GAME yenyewe iliacha kupokea diski zilizotumika. Hakuna sheria iliyoilazimisha, wala Microsoft, wala Sony. Kadi ya pointi nayo ikafuatia mwaka huohuo. Utetezi upo: diski zinapungua, kuzipokea na kuzikagua kunahitaji wafanyakazi wenye ujuzi, na nafasi ndani ya duka la raba ni finyu. Siukubali. Ukiondoa ubadilishanaji, kilichobaki kaunta ni kasha jipya kwa bei ambayo simu ya mteja inaishinda akiwa amesimama palepale. Wakati huohuo CeX, iliyoanzishwa London mwaka 1992, inaendelea kununua na kuuza vilivyotumika katika barabara zilezile, pango lile lile, intaneti ile ile ikiwa juu ya vichwa vya wote.

Mteja aliyehamia mtandaoni hakuachwa salama pia. Mwaka 2020 PlayStation 5 ilitoka kwa sura mbili, moja haina tundu la diski. PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024 haina kabisa, ukitaka unanunua kifaa pembeni. Gemu iliyopakuliwa haiuziki, haiazimishwi, na inaweza kuondoka: The Crew ya Ubisoft, iliyouzwa tangu 2014, ilizimiwa seva tarehe 31 Machi 2024, na hata mwenye diski yake mkononi hakuweza kuicheza. Jimbo la California lilitunga sheria, inayofanya kazi tangu mwanzo wa 2025, inayomtaka muuzaji amwambie mnunuzi wazi kwamba anauziwa leseni ya kutumia na si mali.

Na bei? Aprili 2019 Sony ilisitisha uuzaji wa misimbo ya kupakulia gemu nzima katika maduka ya wengine, kwa hiyo anayetaka kuipakua gemu ya PlayStation hununua kwenye duka moja tu, la Sony. Mwaka 2022 kesi ilifunguliwa katika Mahakama ya Rufaa ya Ushindani jijini London kwa niaba ya wanunuzi karibu milioni 9, ikidai fidia ya hadi pauni bilioni 5 kwa madai kwamba Sony, inayochukua asilimia 30 ya kila mauzo ya mtandaoni, imewatoza kupita kiasi kwa kuwa hawana kwingine pa kwenda. Sony inayakana madai hayo. Bila shaka miongoni mwa milioni hizo 9 wamo wengi ambao zamani wakiona bei ya GAME si nzuri walivuka barabara wakaingia Gamestation.