Aibu ya Kushuka Baiskeli

Kipito cha mlima ni mahali ambapo mlima umeinama kidogo ili mtu aweze kuvuka kutoka bonde moja kwenda jingine. Lakini kuinama huko hakumsamehe mpandaji. Mwendesha baiskeli apandaye vipito vya Alps au Pyrenees hufika, mapema au baadaye, mahali ambapo barabara ni kali kuliko nguvu za miguu yake. Pumzi humkatika, gurudumu la mbele huanza kuyumba, naye hana budi kushuka na kuisukuma baiskeli yake. Mara nyingi jambo la kwanza alifanyalo baada ya kushuka ni kugeuka nyuma, kutazama kama yupo mtu aliyemwona. Kwa nini ageuke? Hakuiba wala hakumdhulumu mtu. Miguu iliyokuwa juu ya pedali ndiyo ile ile iliyo sasa juu ya ardhi. Aibu hii ndogo yastahili kuchunguzwa, maana ndani yake limo swali kubwa kuliko baiskeli: mtu hupanda mlima kwa ajili ya nani?

Mwaka 1910 mashindano ya baiskeli ya kuizunguka Ufaransa yalipelekwa kwa mara ya kwanza katika vipito virefu vya Pyrenees. Kilichoogopwa kuliko vyote kilikuwa Tourmalet, chenye kimo cha mita 2,115. Alphonse Steinès, mtu wa gazeti la L'Auto lililoyaandaa mashindano hayo, alikwenda kuikagua njia. Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi: gari lilikwama katika theluji, akaendelea kwa miguu gizani, akaanguka, na alipofika upande wa pili, Barèges, alikuwa karibu kufa kwa baridi. Kisha akampelekea mkuu wake, Henri Desgrange, simu ya maandishi kwamba amevuka Tourmalet, na kwamba barabara ni nzuri na yapitika bila shida.

Kwa neno la simu hiyo watu walipelekwa mlimani. Tarehe 21 Julai waliondoka Luchon kabla ya mapambazuko, mbele yao zikiwa kilomita 326 mpaka Bayonne, juu ya baiskeli nzito zisizo na gia za kubadilisha katika mwendo. Octave Lapize alikuwa wa kwanza kufika juu ya Tourmalet, na sehemu ya mlima aliipanda kwa miguu, akiisukuma baiskeli. Gustave Garrigou alikuja nyuma yake kidogo. Yeye hakushuka hata mara moja, akapewa zawadi ya faranga 100. Kwenye Aubisque, kipito kilichofuata, Lapize aliwaita waandalizi wauaji; na jioni alishinda safari ya siku ile, na mwisho wa mwezi akashinda mashindano yote.

Zawadi ile ya faranga 100 ni ya ajabu ikifikiriwa. Ilitolewa kwa kutoshuka, hali aliyeshuka alikwisha tangulia kufika. Ni rahisi kumcheka Garrigou, lakini kumcheka ni kumdhulumu. Mtu aweza kujiwekea ahadi isiyomhusu mwingine, na katika kuitimiza ipo heshima ya kweli. Afungaye saumu ya sunna peke yake nyumbani hana wa kumzuia kula, wala hali. Kama ahadi ya mpandaji ni ya namna hiyo, hapana mwenye haki ya kumwambia kwamba amejitaabisha bure. Ila mwenye saumu hiyo, akiugua na kufungua, hageuki kutazama dirishani. Ageukaye amekwisha kuonyesha kwamba ahadi yake aliiweka mbele ya macho ya watu.

Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyeandika kwa jina la Vélocio na kuanzisha jarida la Le Cycliste mwaka 1887, aliliona jambo hili waziwazi. Miongoni mwa mashauri aliyowaachia wasafiri wa baiskeli ni kwamba mtu asiendeshe kwa ajili ya majivuno. Alizitetea gia za kubadilisha wakati zilipodharauliwa kuwa ni msaada wa wanyonge; mashindano ya Ufaransa hayakuwaruhusu mabingwa kuzitumia mpaka mwaka 1937, miaka saba baada ya kufa kwake. Ubishi huo umezaliwa upya siku hizi kwa ajili ya baiskeli ya umeme, na yaelekea utakwisha kama ule wa kwanza.

Nje ya mashindano wako waliofanya kutembea kuwa nusu ya safari. Mwezi Machi 1919 W. M. Robinson, ajulikanaye zaidi kwa jina la Wayfarer, alivuka na wenzake milima ya Berwyn, huko Wales, katika theluji, kisha akaandika habari za taabu hiyo bila kuficha wala kuona haya. Mwaka 1955 kikaanzishwa Uingereza chama cha Rough Stuff Fellowship, cha watu wapendao njia ambazo baiskeli mara humbeba mtu na mara hubebwa naye.

Na Ufaransa, tangu mwaka 1972, kipo chama cha Club des Cent Cols. Atakaye kuingia sharti awe amevuka vipito 100 kwa baiskeli, angalau vitano viwe juu ya mita 2,000. Shahidi hatakiwi. Mtu huandika orodha yake mwenyewe, naye husadikiwa.

Hapo ndipo aibu ya kushuka inapoacha kuwa jambo la siri la mtu mmoja. Aonaye haya kwa kutembea ataficha kwamba alitembea, na akificha atakuwa ameandika simu kama ile ya Steinès: barabara ni nzuri, yapitika. Steinès alijua theluji ilivyo. Waliopanda baada yake hawakujua, na jasho lilikuwa lao. Vivyo hivyo kijana asikiaye kwamba fulani alipanda Tourmalet wote bila kushuka hujipima kwa kipimo cha uongo. Akishindwa, hudhani kasoro ni yake; akijilazimisha, huenda akaumia.

Anayemfaa kijana huyo ni msafiri aliyeketi jioni Barèges, vumbi miguuni, ambaye akiulizwa hujibu kwamba baada ya La Mongie mlima ulimshinda, akatembea mpaka juu, na kwamba upepo wa kileleni ni mkali, basi atakayeondoka alfajiri achukue koti.