Kiache Kinywe

Kazi ya kalafati haina mtazamaji. Fundi aliyelaza mkuku husifiwa, mshona tanga husifiwa, nahodha huimbiwa. Lakini pamba iliyoshindiliwa kati ya ubao na ubao, ikishapakwa deheni, haionekani tena mpaka chombo kizeeke. Mjomba wangu aliishi humo, kati ya ubao na ubao. Huko Matondoni, kisiwani Lamu, alichuchumaa ubavuni mwa majahazi asubuhi hadi adhuhuri, patasi butu mkono mmoja, nyundo mkono wa pili, na kando yake pamba iliyolowa mafuta.

Hakuwa msemaji. Alisikiliza. Nyundo ikigonga mshono ulio mtupu hutoa sauti ya uvungu. Pamba inapojaa, sauti hukauka, ikawa fupi. Ukimtazama kwa mbali ungesema anagonga. Ukikaa naye kitako ungesema anauliza, kisha anangoja. Kati ya pigo na pigo kulikuwa na kimya, na ndani ya kimya hicho kaskazi ilipita kwenye makuti, punda alilia mahali, maji yalikupwa bila kuaga. Nadhani ibada yake nyingine ilikuwa hapo, baada ya zile tano.

Chombo hushuliwa wakati wa bamvua, maji yanapopanda kuliko siku zote. Kikishaelea watu hushangilia. Kisha mgeni huchungulia ndani akaingiwa na hofu, kwa sababu maji yanapenya. Mbao zilizokaa juani miezi mingi zimekauka, na kalafati iliyo bora haizuii yote. Mjomba alishuka ngamani na upo wake, akateka maji bila haraka.

“Kiache kinywe, mjomba,” aliniambia.

Mbao hunywa, huvimba, hubanana. Na maji yaleyale yaliyoingia ndiyo yanayofunga njia. Huchukua siku kadhaa. Hakuna fundi awezaye kuzipunguza.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yeye hakungoja kurejea. Alipapenda tangu mwanzo, pale chini kabisa, penye giza na harufu ya mafuta ya samaki. Alisema huko unaisikia bahari vizuri, kwa kuwa ni ubao mmoja tu ulio kati yako nayo.

Alifariki wakati wa kusi, bahari ikiwa chafu na vyombo vimepandishwa pwani. Tulimchukua baada ya alasiri. Jeneza halikukaa bega moja. Kila mtu alitaka fungu lake la uzito. Kaburini, alipokwisha kulazwa katika mwanandani, ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, vilipangwa viunza juu yake. Mbao tu, zisizorandwa wala kupigiliwa msumari. Nikaziangalia nyufa zake. Mtu huyu hakuwahi kuona ufa akaupita, na sasa mchanga ulichuruzika kati ya ubao na ubao, polepole, wala hakuna aliyeinama kuuzuia. Mzee mmoja aliyefanya naye kazi alikuwa akitazama palepale nilipotazama mimi. Hatukusemeshana.

Mwaka 2001 mji wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na wageni huja kutazama milango ya nakshi na kuta za matumbawe. Unastahili. Mikono ya mjomba haimo katika orodha yoyote. Imo majini, katika vyombo vilivyobeba boriti za mikoko, na vilivyobeba mawe, na vilivyobeba watu wanaosinzia, wanaobishana bei ya samaki, wanaonyonyesha, bila hata mmoja wao kuwaza kwamba hazami. Ni neema kubwa, kutowaza hivyo. Nikitulia sana usiku huhisi kwamba nami nimebebwa, na sijui ni mikono ya akina nani, wala tangu lini.

Waliokuja kutupa pole wamekwisha rudi makwao. Khitma imesomwa, majamvi yamekunjwa. Bado kuna kinachopenya, hasa asubuhi, nyundo zinapoanza kusikika pwani. Sishindani nacho.

Shukrani ninayo, na wa kuipokea hayupo. Basi naipeleka kwa Aliyemuumba, kwa maneno machache, kama alivyopenda mwenyewe. Bamvua ijayo kuna chombo cha kushuliwa, na wavuta kamba hawatoshi.