Saa ya Rubani

Hivi, ndugu msomaji, ni haki kupenda kitu kizuri kilichotengenezwa kwa ajili ya vita?

Nauliza kwa sababu rafiki yangu wa Dar anakusanya saa za ndege za kivita, zile zinazofungwa mbele ya rubani. Kazipanga kabatini kama vikombe vya wageni. Nilipokwenda kwetu Ulyankulu alinipa moja nimwonyeshe babu, ambaye alikuwa fundi saa kabla macho hayajachoka. Ni ya Kirusi, aina ya AChS-1, imetoka kiwandani Chelyabinsk.

Babu akaitia ufunguo, ikaanza kulia. Uso wake mkubwa unaonyesha saa za kawaida. Ndani yake mna nyuso ndogo mbili: wa chini ni wa kupimia dakika na sekunde, wa juu unahesabu muda wa safari. Bonyeza kitufe cha kushoto, safari inaanza kuhesabiwa. Bonyeza tena, inasimama. Mara ya tatu, mishale inarudi sifuri.

“Rubani ana bahati,” babu akasema. “Anabonyeza mwenyewe.”

Nikamwelewa. Mwaka 1972 yeye alitoka Burundi kwa miguu, mauaji yakiwa nyuma yake, akaja kufyeka pori hapa. Hakuna aliyemwuliza kama yuko tayari. Vyeti vya uraia wa Tanzania vilipogawiwa mwaka 2014, safari yake ilikuwa na miaka 42.

Rafiki yangu husema chuma hakina dhambi. Kweli. Lakini Machi 1979 ndege ya Libya, Tu-22, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, ilikusudia kupiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Saa ya ndege ile yawezekana haikukosea hata sekunde moja. Kumbe saa inaweza kuwa sahihi kabisa katika safari isiyo sahihi.

Basi tuzitupe? Hapana. Kuzitupa hakumfufui mtu, na kwetu chuma hakitupwi ovyo. Kukusanya si kosa. Kosa, naona mimi, ni kung’arisha kioo mpaka swali nalo linafutika. Jamaa yangu anajua kiwanda, mwaka na bei ya kila saa. Iliruka wapi, juu ya nyumba za nani, hajawahi kuuliza. Kitu cha vita kisichoulizwa kilikotoka kinabaki kuwa ngawira, hata kama umekilipia.

Babu alibonyeza mara ya tatu, mishale ikarudi sifuri. “Yangu hairudi,” akasema, akanipa saa yangu.

Niliporudi Dar nilimwomba rafiki yangu aweke kikaratasi chini ya kila saa: iliruka wapi. Asipojua, aandike “sijui”. Alicheka, eti nitamharibia kabati. Mpaka leo hatujaelewana.

Wewe ungekiandika?