TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: MWILI HUU NI WA NANI?



Ndugu zangu waumini, juzi baada ya Tarawehe mzee wetu mmoja alinishika mkono nje ya msikiti. Ana kisukari, na daktari amemkataza kufunga. Yeye anafunga, na dawa ya mchana anaiacha. Nikamwambia, "Mzee wangu, Mwenyezi Mungu kakupa ruhusa." Akanijibu, "Sheikh, mwili ni wangu. Nikifa na swaumu yangu si ndio vizuri?" (Nimemwomba niliseme hili, akakubali.)

Usiku ule neno lile halikuniacha nilale. Mwili ni wangu? Hukuununua, hukuuchagua, na siku ya kuurudisha hupangi wewe. Kitu cha namna hiyo tunakiita amana. Mtu akikuachia pikipiki yake, ukaiendesha bila kubadilisha oili mpaka injini ikanoki, utamwambia "lakini nilikuwa naendea msikitini"? Safari ilikuwa njema, ila amana umeiharibu.

Tazama Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Pale pale swaumu inapofaradhishwa, mgonjwa na msafiri wanatajwa: watalipa siku nyingine. Na ambaye maradhi yake hayana matumaini ya kupona, analisha masikini. Aliyeamrisha ndiye aliyeruhusu. Basi kuikataa ruhusa yake si kuzidi ucha Mungu.

Lakini sisi wazima tusimcheke mzee. Amana hiyo hiyo tunaiharibu kwa upande wa pili. Adhana ya Magharibi ikilia tu: sambusa, bajia, kaimati, tambi, juisi ya sukari. Ikifika Isha mtu anarukuu kwa taabu. Na Mtume (s.a.w.) alishatufundisha kuligawa tumbo: theluthi chakula, theluthi kinywaji, theluthi pumzi.

Mimi mwenyewe chai yangu ilikuwa vijiko vinne vya sukari, nikisema "siwezi kuacha". Ramadhani imenifunga mdomo. Mtu anayeacha maji, tena ya halali, zaidi ya saa 13 kwa ajili ya Allah, akisema kijiko cha sukari kimemshinda, anasema kweli?

Tuelewane hapa: anayeugua si kwamba amekhini. Nabii Ayyub (a.s.) aliugua, naye ni Nabii. Afya anatoa Mwenyezi Mungu. Sisi tutaulizwa tuliitunzaje.

Kwa hiyo leo, inshaallah:
▪️ Futuru kwa tende na maji, swali Magharibi, kisha kula kwa kiasi.
▪️ Kunywa maji kidogo kidogo mpaka daku, na daku usiiache.
▪️ Ukiweza, njoo Tarawehe kwa miguu.
▪️ Kapime presha na sukari, hata kama huumwi.
▪️ Mwenye dawa asibadilishe saa zake kabla ya kumuuliza daktari.

Jana mzee kanitumia ujumbe. Hakusema ataacha kufunga. Amesema kesho anakwenda kliniki na mwanawe, kuuliza. Tumwombee.

Ewe Mola wetu, tujaalie tukurudishie amana yako tukiwa tumeitunza, na wagonjwa wetu uwape shifaa. Aamiin.

Mtumie na mwenzako aliye mgonjwa na anaona haya kula mchana.

Wabillahi tawfiiq.