Samaki wa Ziwa na Hesabu ya Mali

Sisi tukaao Mkuyuni, kandokando ya njia iendayo Nyegezi, twasikia daima maneno mawili yasiyopatana. Katika habari za serikali husemwa kwamba uchumi wa nchi unakua. Mialoni husemwa kwamba samaki wamepungua. Wengi hudhani mmoja wa wasemaji hao ni mwongo. Sisi twaona kwamba wote wawili waweza kusema kweli, na hapo ndipo penye shida.

Maana hesabu ya pato la nchi huhesabu kitu kilichouzwa. Sangara akitolewa majini, akakatwa minofu kiwandani, akapelekwa Ulaya, thamani yake yaandikwa. Upungufu wa samaki waliosalia ziwani hauandikwi humo. Ni kama mtu auzaye ng'ombe wake wote mwaka mmoja, akajisifu kwamba mapato yake yameongezeka. Msukuma ye yote angemcheka, kwani ajua kuhesabu zizi pamoja na fedha. Wala jambo hili si jipya: Simon Kuznets, aliyewatengenezea Wamarekani hesabu ya namna hii, aliwaonya tangu 1934 kwamba haitoshi kupima hali njema ya taifa. Hesabu yake wakaishika sana, onyo lake wakaliacha.

Sangara mwenyewe ni mgeni. Aliingizwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea pote, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Kisha vikaja viwanda vya minofu hapa Mwanza. Kazi zikapatikana, fedha za kigeni zikaingia, nasi hatulidharau jambo hilo. Lakini nyama ilikwenda ng'ambo, na maskini wa hapa wakanunua mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mwaka 1999 Ulaya ikazuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya habari za wavuvi watumiao sumu. Waliotia sumu walikuwa baadhi tu; waliokosa soko ni wote.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Mwaka 1954 Mkanada H. Scott Gordon alieleza kwa nini wavuvi wa maji yasiyo na mwenyewe hawatajiriki. Kila mmoja ajua kwamba samaki amwachaye leo atavuliwa na mwingine kesho. Basi vyombo na nyavu huongezeka mpaka faida ya wote imekwisha. Elimu hii twaikubali. Lakini wako waichukuao kama hati ya msamaha. Husema, "Nikiacha mimi, atavua jirani." Je, kueleza sababu ya tendo ndiko kuliondolea hatia? Hasha. Gordon aeleza watu watafanya nini pasipo mapatano. Hasemi kwamba imewapasa kufanya hivyo, wala kwamba mapatano hayawezekani. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya nchi nyingi kwamba watumiao mali kwa pamoja waweza kujiwekea sheria na kuzishika, hasa wakiwa wameshiriki kuzitunga na wakiangaliana wenyewe.

Amri itokayo juu peke yake haidumu. Mwingereza Michael Graham alilichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, ikawekwa amri ya nyavu zenye macho ya inchi 5, ili ngege wasimalizwe. Katika miaka ya 1950 amri ile ilianza kuondolewa, nyavu ndogo zikaenea, na leo ngege ni adimu sana.

Tena hatia haiwi sawa kwa wote. Mwaka 2018 serikali ilifanya Operesheni Sangara, na nyavu haramu zikachomwa moto. Sheria ya kumlinda sangara asiyefika sentimita 50 twaiunga mkono. Lakini kibarua aingiaye ziwani usiku hana mtumbwi, hana injini, wala wavu si wake. Naye tajiri aliyeununua amelala nyumbani. Nyavu zikiungua, tajiri hununua nyingine, na kibarua hukosa posho ya wanawe. Wazee wa mwalo waketipo kuamua neno la kokoro, na waanze kwa kuuliza fedha za kulinunua zilitoka kwa nani.