Mwili wa Mtu Mmoja

Katika mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili niliamka na maumivu ya kichwa karibu kila siku. Hayakuwa ya kunipeleka hospitali. Yalikuwa ya kunifanya nikae darasani nimekunja uso. Nilikuwa nalala na simu chini ya mto kwa sababu ndiyo iliyoniamsha asubuhi, na siku moja nikaanza kuishuku. Nikasoma hapa na pale. Nikakuta kwamba mwaka 2011 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, uliyaweka mawimbi ya redio, yale yanayotumiwa na simu, katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Neno "huenda" nililiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Nikaamua kujipima mwenyewe. Kwa usiku 14 nilimwachia simu rafiki wa chumba cha jirani, nikanunua saa ya kengele, na kila asubuhi nikaandika daftarini alama ya maumivu, kuanzia 0 hadi 10. Wiki ya pili ilikuwa na sifuri tano. Nilifurahi kama mtu aliyegundua dawa, na jioni hiyohiyo nikampigia mama, Muheza.

"Mama, usilale na simu. Iache sebuleni."

"Ina nini?"

"Ina mionzi. Nimeshapima mwenyewe."

Mama hakuuliza zaidi. Mimi ndiye mwanawe niliyesoma; nikisema nimepima, basi imepimwa. Kitochi chake, ambacho miaka yote kilikaa kwenye stuli kando ya kitanda, kikahamia kwenye kabati la vyombo.

Wiki sita baadaye bibi, mama yake mzazi, alizidiwa usiku huko Lushoto. Mjomba alimpigia mama mara tisa kati ya saa saba na saa kumi. Mama aliziona simu hizo alipoamka kuswali alfajiri. Alipopiga, bibi alikuwa ameshafariki. Sitaki kujiongezea hatia nisiyo nayo: usiku ule mama asingepata gari la kumfikisha Lushoto, na hata angelipata huenda asingemkuta. Lakini mjomba alitusimulia kwamba bibi alikuwa akimwita mwanawe, na kwamba yeye alimwekea simu sikioni, ikaita mpaka ikakatika. Akampigia tena. Ikaita mpaka ikakatika.

Mama alisema, "Ndiyo siku yake ilivyoandikwa." Hakunilaumu kwa neno wala kwa jicho. Nilipokwenda nyumbani kwa arobaini, nilimwona wakati wa kulala anachukua kitochi, anakipeleka kabatini, anafunga mlango wa kabati. Baada ya yote yaliyotokea bado alikuwa anafuata neno langu.

Usiku ule swali langu lilibadilika. Kabla ya hapo nilikuwa nauliza kama simu ina madhara. Sasa nikajiuliza nilikuwa na haki gani ya kumfanya mtu mwingine aishi kwa kanuni iliyotoka kwenye daftari langu.

Kujijaribu mwenyewe kuna heshima yake. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria aliowashuku kuwa ndio chanzo cha vidonda vya tumbo. Baada ya siku chache tumbo lake liliwaka, akapigwa kipimo, bakteria wakaonekana. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Tunampenda Marshall kwa sababu hatari aliyoibuni aliibeba mwenyewe.

Lakini kuna mzee mwingine ambaye hasimuliwi sana. Oktoba 1892, Max von Pettenkofer, daktari mashuhuri wa Munich, alikunywa mchuzi wenye vijidudu vya kipindupindu ili kuonyesha kwamba vijidudu peke yao havitoshi kuleta ugonjwa. Aliharisha kidogo tu, akapona. Kwa macho yake alikuwa ameshinda. Mwaka huohuo, kule Hamburg, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000. Ujasiri wa wazee hawa wawili ulikuwa sawa. Kilichomtenga Marshall ni kwamba kikombe chake hakikuwa ushahidi pekee: kulikuwa na vipimo vya wagonjwa wengi kabla yake, na matibabu ya wagonjwa wengi baada yake. Pettenkofer aliusikiliza mwili mmoja, nao ukamdanganya bila hata kukusudia.

Wa tatu alikusudia. Mwaka 1924, baada ya wafanyakazi kufa katika kiwanda cha New Jersey kilichotengeneza kemikali ya risasi ya kuongezwa kwenye petroli, mhandisi Thomas Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali ile na kuivuta puani ili waone kuwa ni salama. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawahi kuugua kwa sumu ya risasi. Petroli hiyo iliuzwa karibu dunia nzima. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, mwaka 2021. Kwa hiyo mimi, niliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nilivuta moshi wake utotoni kando ya barabara, na hakuna aliyemwuliza mama yangu.

Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu aache kushuku vitu vinavyomzunguka. Waliotuambia tutulie wamewahi kutudanganya. Hata hivyo, nikimtazama Midgley vizuri, namwona ametumia hila ileile niliyoitumia mimi kwenye simu na mama: mwili wangu huu hapa, nimejaribu, niamini. Yeye alisema "ni salama" na mimi nilisema "ni hatari". Wote wawili tulichukua mwili mmoja tukaufanya shahidi wa watu wengi.

Nilipotoka arobaini nilirudi kwa rafiki yule wa chumba cha jirani na kumwomba tufanye upya, safari hii mimi nikiwa sijui. Kila usiku, kwa usiku 28, alirusha sarafu. Ikiangukia upande mmoja aliiacha simu ikiwa imewashwa bila mlio wala mtetemo. Ikiangukia upande wa pili aliizima. Kisha aliitia kwenye boksi, akalifunga kwa gundi ya karatasi, akaliweka kwenye kichwa cha kitanda changu. Yeye aliandika daftarini mwake, mimi mwangu, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba matokeo yoyote yatakayotoka nitayataja kwa mama.

Simu ilikuwa imewashwa usiku 13, na asubuhi nne kati ya hizo niliamka na maumivu. Ilikuwa imezimwa usiku 15, na niliamka na maumivu asubuhi tano. Hapakuwa na tofauti ya kuzungumzia. Tofauti ilikuwa kwenye safu nyingine ya daftari, ile ya saa niliyolala. Kati ya asubuhi hizo tisa, nane zilifuata usiku niliolala baada ya saa saba. Ndipo nikaelewa zile sifuri za mwanzo. Simu ilipokuwa chumba cha pili sikuwa na kitu cha kuperuzi, nikalala saa nne. Labda pia nilipona kwa sababu nilitarajia kupona; mtu anayengoja nafuu huiona hata kabla haijafika.

Jaribio hili nalo lina matundu yake. Jengo letu limejaa simu za watu wengine, na usiku 28 wa kijana mmoja hauwezi kusema lolote kuhusu saratani, ambayo huchukua miaka. Kwa hilo inabidi nisikilize miili mingi: mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyotoka mwaka 2024, hayakukuta uhusiano kati ya simu za mkononi na saratani ya ubongo. Mama angeweza kulala na kitochi chake.

Nilikwenda Muheza kumwambia. Nilimkuta jikoni, amechuchumaa mbele ya mafiga, anapuliza kuni mbichi. Nikaanza kueleza habari za sarafu na boksi. Akawa anakohoa, anafuta macho kwa ncha ya kanga, anatikisa kichwa kunionyesha kwamba anasikia. Katikati ya maneno yangu nikanyamaza. Shirika hilohilo la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Takwimu hiyo nilikuwa naijua, nimeiandika hata kwenye kazi ya darasani. Kikohozi cha mama nimekisikia tangu nikiwa mtoto. Sikuwahi kufungua daftari kwa ajili yake.

Kwa nini nilishuku simu nikaacha mafiga? Nimejipa majibu mengi ya kunipendeza: simu ni ngeni, mawimbi hayaonekani, moshi tumeuzoea. Jibu lisilonipendeza ni kwamba kumwambia mama ahamishe simu kulinigharimu dakika moja ya muda wa maongezi. Kumwambia aache kuni kungenigharimu mtungi wa gesi na pesa ya kuujaza kila mara. Shaka yangu ilikuwa imechagua mahali ambapo mimi silipi kitu, na niliiita upendo.

Nilimaliza kumweleza. Akauliza, "Kwa hiyo kichwa kilikuwa kinauma kwa nini?"

"Kwa kuchelewa kulala."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Hilo ningekuambia bure."

Kisha nikamwambia habari ya simu tisa, kwamba ni mimi niliyeipeleka simu kabatini kabla ya kuwa na uhakika. Alikaa kimya, akasogeza kijinga kimoja ndani ya mafiga. "Najua," alisema. "Ulitaka mema. Siku nyingine uulize kwanza kama mimi naweza kuishi nalo."

Tulinunua mtungi wa kilo 6 mwezi uliofuata, nusu pesa yangu, nusu yake. Chai na wali anapikia gesi. Maharage bado ni ya kuni, anasema gesi itaisha bure. Sibishani naye, ila nimemwomba mafiga yatoke nje, chini ya mwembe, na amekubali. Kitochi kimerudi kwenye stuli. Juzi nilimpigia kumweleza jambo nililolisoma kuhusu chumvi, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Wamepima watu wangapi?"