Kadari si Udhuru wa Kumwacha Mtoto

Huzaliwa mtoto na mgongoni mwake pana kifuko laini cha maji, au ngozi imeachana hata uti wa mgongo waonekana. Wako wanaonong'ona kuwa ni jicho, au ni dhambi ya mama. Na wako wanaosema: "Ni kadari ya Mungu, tumwache." Sisi twauliza: je, kadari ni ruhusa ya kukaa kitako?

Hayo ya kwanza ni uzushi. Maradhi haya, yaitwayo mgongo wazi, hutokea katika siku 28 za mwanzo wa mimba, pale mfereji unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo unapokosa kufumba sawasawa. Wanawake wengi wakati huo hata hawajajua kwamba wana mimba. Basi mama alaumiwe kwa lipi?

Ama kauli ya kadari, ni neno la haki lililowekwa pasipo mahali pake. Aliyekadiria maradhi ndiye aliyekadiria dawa, na yule bedui aliamrishwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Na kumfunga ngamia hapa ni hivi: mtoto alazwe kifudifudi, kidonda kifunikwe kwa shashi safi ya hospitali iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, kisipakwe mafuta wala majani, na apelekwe kwa madaktari siku ile ile. Wao hupenda kukifunga kabla ya kupita saa 72, kwani kukawia hufungua njia ya vijidudu kuingia hata kwenye ubongo. Kichwa kikikua upesi, ni maji yaliyokusanyika, nayo yana tiba. Upasuaji haurejeshi nguvu za miguu zilizokwisha potea, lakini waokoa uhai, na wengi waliotibiwa huhudhuria chuoni na skuli kama wenzao.

Basi ayajuaye haya kisha akangoja arubaini ipite, asiseme ametawakali; amepoteza amana. Na jirani anayenong'ona badala ya kuchangia nauli ana fungu lake katika lawama.

Tena iko kinga. Utafiti uliotolewa mwaka 1991 ulionyesha kuwa wanawake waliokwisha zaa mtoto wa namna hii, wakitumia vidonge vya foliki tangu kabla ya mimba, huepushiwa kiasi cha misiba saba katika kila kumi. Wao huhitaji kipimo kikubwa cha daktari. Wengine mikrogramu 400 kila siku. Basi wazazi wamkumbushe bibi arusi mapema, kwani mimba ikishajulikana, huenda wakati umekwisha pita.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.